Sukari Imeshuka, Mbona Miguu Bado Inawaka?

*Hotuba kwa wagonjwa wa kisukari, ndugu zao na wahudumu wa kliniki, katika wiki ya Siku ya Kisukari Duniani*

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja mapema. Najua wengi mmetoka nyumbani bila kunywa hata chai kwa sababu mliambiwa kuna kupimwa sukari. Uji upo pale nyuma, hauna sukari, na aliyekwisha kupimwa asingoje mimi nimalize.

Mada niliyopewa ina jina refu: metabolaiti za damu na kuharibika kwa mishipa ya fahamu kwa wenye kisukari aina ya pili. Nitaingilia kwa mlango wa swali ambalo kila muuguzi aliyepo hapa amekwisha kuulizwa. Mama anakuja kliniki na kadi yake. Sukari ya kufunga ilikuwa 14, sasa inasoma 7. Anapongezwa. Anakaa kimya kidogo, halafu anauliza: "Sasa daktari, sukari imeshuka, mbona miguu bado inawaka moto?" Anaambiwa endelea na dawa mama, itakaa sawa. Foleni ni ndefu, anaitwa mwingine.

Swali la yule mama ni zito kuliko jibu alilopewa. Katika kisukari aina ya pili, sukari ni mmoja tu wa wanaouharibu mshipa wa fahamu. Damu ina wengine, na baadhi yao tunaweza kuwapima na kuwashughulikia hapa hapa nchini, kwa bei ambayo si ya kutisha. Hilo ndilo nililokuja kulisema.

Tuanzie kwenye mshipa wenyewe. Sizungumzii mishipa ya damu. Nazungumzia nyuzi zinazobeba habari za maumivu, joto, mguso na mtetemo. Seli inayohisi ncha ya kidole gumba cha mguu wako, kitovu chake hakiko mguuni. Kiko huku nyuma kiunoni, kando ya uti wa mgongo, na kutoka hapo inanyoosha uzi mmoja mwembamba mno hadi kidoleni. Kwa mtu mrefu uzi huo unazidi mita 1. Karibu kila kinachouweka hai kinatengenezwa kule kiunoni na kusafirishwa njia nzima. Mambo yakiharibika, mguu unakuwa kama kijiji cha mwisho kwenye bomba la maji: wa kwanza kukosa ni yeye. Ndiyo maana ganzi ya kisukari huanza vidoleni, miguu yote miwili, ikapanda taratibu mpaka inapoishia soksi ndefu. Ikikaribia goti, ndipo ncha za vidole vya mikono nazo zinaanza. Mtu mwenye ganzi ya mguu mmoja tu, au iliyokuja ghafla, huyo ana jambo jingine na atafutiwe sababu nyingine.

Takriban nusu ya watu wenye kisukari hupata tatizo hili wakati fulani wa maisha yao. Wapo wanaohisi moto, sindano, umeme, shuka likigusa mguu usiku ni adha. Wapo wasiohisi kitu kabisa, na hawa ndio wananitia hofu zaidi, kwa sababu hawalalamiki.

Sasa ushahidi. Mwaka 1993 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, DCCT, uliofuata watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza. Waliodhibiti sukari kwa ukali walipunguza hatari ya kuharibika mishipa ya fahamu kwa takriban asilimia 60. Ni ushindi mkubwa, na dunia nzima ikachukulia kwamba aina ya pili nayo itafuata mkondo huo huo. Haikufuata. Mwaka 2012 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia na kujumlisha tafiti za tiba, walikusanya majaribio yote mazuri yaliyokuwepo. Kwa aina ya kwanza faida ilikuwa wazi. Kwa aina ya pili ilikuwa ndogo kiasi kwamba takwimu hazikuweza kuitenganisha na bahati.

Naomba mtu asitoke hapa akatangaza mtaani kwamba tumeambiwa sukari haina neno. Utafiti wa UKPDS wa Uingereza, matokeo yake ya 1998, ulionyesha kwa wagonjwa wa aina ya pili kwamba kudhibiti sukari kulipunguza madhara ya mishipa midogo ya damu kwa robo, na sehemu kubwa ya faida hiyo ilikuwa machoni. Macho yako na figo zako zinaihitaji ile namba ishuke. Miguu pia inaihitaji, ila miguu haitosheki nayo.

Kwa hiyo tutazame damu kwa karibu. Mimi ni mtu wa maabara, mtanivumilia.

Chakula kikishaingia mwilini hukatwakatwa, hugeuzwa, huchomwa, hujengwa upya. Molekuli ndogo zinazopatikana njiani ndizo tunaziita metabolaiti. Glukosi ni mojawapo. Kreatinini mnayoiona kwenye majibu ya figo ni nyingine. Trigliseridi, yaani mafuta ya damu, asidi amino zinazojenga protini, vipande vya mafuta yaliyochomwa nusunusu, vyote vimo. Mashine inayoitwa spektrometa ya masi inaweza kuzihesabu kwa mamia kwenye tone dogo la damu. Na damu ikishatoka kwenye mkono wako haijafa. Chembe nyekundu zinaendelea kula glukosi ndani ya chupa, asilimia 5 hadi 7 kila saa kwenye joto la kawaida. Ndiyo maana chupa ya kupimia sukari maabara ina kifuniko cha kijivu na floridi ndani yake, ya kupunguza ulaji huo. Damu iliyochukuliwa saa 2 asubuhi kwenye chupa isiyo sahihi, ikakaa juu ya meza dirishani mpaka saa 6 mchana, sukari ya 8 inaweza kusomeka 6 na kitu. Mgonjwa anaenda nyumbani akifurahi. Kama glukosi, molekuli tuliyoizoea kuliko zote, inatudanganya hivyo, fikirieni hizo nyingine mamia, ambazo huhitaji damu izungushwe upesi na plazma, yaani maji ya damu yasiyo na chembe, igandishwe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Jenereta ikigoma usiku mmoja, utafiti wa miaka umeondoka.

Niwataje sasa wahusika wenyewe, kuanzia watoto wa sukari.

Mshipa wa fahamu haungoji insulini ili uingize glukosi. Sukari ikijaa kwenye damu, inajaa na ndani ya mshipa. Humo kuna kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kemia mwilini, kinachoigeuza kuwa sukari nyingine iitwayo sorbitoli, na kazi hiyo inatumia akiba ile ile ambayo seli ingeitumia kujikinga na kutu ya oksijeni. Tangu miaka ya 1980 makampuni yamehangaika kutengeneza dawa za kukizuia kimeng'enya hicho. Karibu zote zimeanguka kwenye majaribio. Iliyobaki ikitumika ni epalrestat, iliyoruhusiwa Japani mwaka 1992. Hapo sikai zaidi.

Mtoto wa pili wa sukari anaitwa methilglioksali, na huyu ananivutia zaidi kwa sababu anaeleza moto. Mwaka 2012 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwamba methilglioksali inajibandika kwenye mlango mmoja wa kupitishia sodiamu ulioko kwenye nyuzi za maumivu. Mlango ukishabandikwa hivyo unafunguka kirahisi kupita kiasi, na uzi unapiga kelele hata usipoguswa. Wagonjwa wao waliokuwa na maumivu walikuwa na kiwango kikubwa cha kemikali hiyo kwenye damu kuliko wale wasio na maumivu. Kwa hiyo mama, mzee, ukisema miguu inawaka na mwanao akakwambia ni mawazo tu kwa sababu haoni kidonda, mwambie ipo kemia yake.

Halafu mafuta. Hapa ndipo aina ya pili inapoachana na aina ya kwanza, maana mgonjwa wa aina ya pili mara nyingi anakuja na fungu zima: kiuno kipana, presha, trigliseridi juu, lehemu nzuri chini. Kundi la Eva Feldman na Brian Callaghan katika Chuo Kikuu cha Michigan limekuwa likisema kwa miaka mingi kwamba fungu hili lenyewe linaumiza mishipa. Trigliseridi zikiwa juu, uharibifu wa mishipa unaendelea kwa kasi zaidi, na hatari ya kukatwa mguu inapanda. Maabara hiyo hiyo ilichukua seli za fahamu za panya na kuzimwagia asidi palmitiki, ambayo ni mafuta yanayoganda. Mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati, vikasimama njiani, havisafiri tena kuelekea mwisho wa uzi. Walipotumia asidi oleiki, ile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni, safari iliendelea. Na panya waliohamishwa kutoka mafuta ya nguruwe kwenda mafuta ya alizeti ya aina maalumu yenye oleiki nyingi walipata nafuu ya mishipa yao.

Najua mnachofikiria. Mafuta ya mawese yana palmitiki zaidi ya asilimia 40, na oleiki nayo inakaribia hapo hapo, kwa hiyo hukumu yake si nyepesi. Tui la nazi nalo limejaa mafuta yanayoganda, ingawa ya aina nyingine. Mimi ni mtu wa Pwani, sina mpango wa kuingia jikoni kwa mtu kumwaga tui. Panya si binadamu, na alizeti ya dukani si lazima iwe ile ya maabara. Ninachoweza kusema bila kutetereka ni kwamba trigliseridi zinapimika katika hospitali nyingi za mkoa, na mgonjwa wa aina ya pili ambaye hajawahi kupimwa anastahili kupimwa.

Kuna na jaribio la binadamu ambalo halizungumzwi vya kutosha. Linaitwa FIELD, lilifanyika Australia, New Zealand na Finland kwa watu 9,795 wenye kisukari aina ya pili, wakigawanywa kati ya dawa ya kushusha trigliseridi, fenofibrati, na kidonge kisicho na dawa. Lengo kuu lilikuwa moyo, na kwa lengo hilo dawa haikufaulu wazi. Lakini walipohesabu miguu, matokeo yaliyotoka 2009 yakaonyesha kwamba hatari ya kukatwa kiungo kwa mara ya kwanza ilikuwa imepungua kwa asilimia 36. Jaribio halikupangwa kwa ajili ya miguu, kwa hiyo sitoi ushauri kila mtu akaandikiwe. Ila kwa mtu anayesema mafuta ya damu hayahusiani na miguu, hapo ana kazi ya kujieleza.

Sasa nije kwa molekuli ninayoipenda kuliko zote, kama mtu anaweza kupenda sumu.

Nyuzi nyingi za fahamu zimevikwa ala ya mafuta. Ili mwili uanze kujenga sehemu ya mafuta hayo, unaunganisha asidi palmitiki na asidi amino iitwayo serini. Serini ikipungua, kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo hakisimami kungoja. Kinachukua alanini, inayofanana nayo kwa karibu, kinaendelea. Kosa hilo dogo linazaa mafuta yaitwayo deoksisfingolipidi. Yamepungukiwa oksijeni moja tu, lakini kwa upungufu huo mwili hauwezi kuyaendeleza kuwa ala nzuri, na kuyavunja kwa njia yake ya kawaida hauwezi pia. Yanarundikana, na yanaua nyuzi za fahamu.

Tumejuaje kwamba yanaua? Kwa sababu kuna koo chache duniani zenye ugonjwa wa kurithi, HSAN1, ambao kimeng'enya hicho kimezaliwa na kasoro na kinachukua alanini kila mara. Watu hao hawana kisukari. Sukari yao ni safi. Lakini miguu yao inakufa ganzi, inapata vidonda visivyopona, wengine wanakatwa vidole. Ukiwaona miguu tu bila kuambiwa, utasema ni wagonjwa wa kliniki yetu. Na mafuta hayo hayo mabovu yanaonekana kwa wingi usio wa kawaida kwenye damu ya watu wenye kisukari aina ya pili. Mwaka 2023 timu ya Christian Metallo ya Taasisi ya Salk, California, ilichapisha kwamba panya wenye kisukari wana upungufu wa serini, na walipoongezewa serini kwenye chakula, kuharibika kwa mishipa kulipungua kasi.

Baada ya habari kama hiyo lazima atatokea mtu wa kuuza serini kwenye chupa yenye picha ya mguu. Naomba mfunge pochi. Kwa wagonjwa wa HSAN1 serini ilijaribiwa kwa watu 18 kwa mwaka mmoja, na ilionyesha dalili za kusaidia, kwa dozi ya miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 70 hapo anakula gramu 28 kila siku. Kidonge cha dukani hakikaribii hata kidogo, na kwa binadamu mwenye kisukari bado hatuna jaribio la kusimamia ushauri huo.

Nimewazungusha sana maabara. Sasa nawaleta kliniki, kwenye jambo ambalo mnaweza kulifanyia kazi mwezi huu.

Wangapi hapa wanatumia metformini? Naona ni karibu wote. Ni dawa nzuri, ni ya bei nafuu, na sitaki mtu aiache. Lakini inapunguza uwezo wa utumbo kunyonya vitamini B12, na B12 ni lazima kwa ala ya mishipa ya fahamu. Ini lina akiba ya miaka, ndiyo maana tatizo halionekani mwaka wa kwanza wala wa pili. Linaibuka baadaye sana, wakati mgonjwa na daktari wote wamekwisha kuizoea dawa. Ganzi, kuchomachoma, kuyumba gizani. Nani atamfikiria B12? Tunasema ni kisukari hicho, tunaongeza dozi ya metformini, tunauongeza upungufu.

Hatari inakua kwa mwenye dozi kubwa, aliyeitumia miaka mingi, mzee, anayekula nyama na samaki kwa nadra, na anayetumia pia omeprazoli kwa ajili ya tumbo. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitangaza kwamba upungufu huu sasa uhesabiwe kuwa athari ya kawaida ya metformini, unaoweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 10. Na hapa metabolaiti zinatusaidia, maana B12 ikipungua kwenye seli, homosisteini na asidi methilmaloniki hupanda, wakati mwingine hata kabla ya kipimo cha B12 chenyewe kushuka wazi. Vipimo hivyo viwili ni adimu kwetu, lakini B12 yenyewe inapimwa kwenye maabara kadhaa za mijini. Kama haipatikani, daktari anayeona dalili na miaka mingi ya metformini ana haki ya kufikiria sindano za B12. Si ghali, na madhara yake ni machache mno. B12 haimo kwenye ugali, wala mchicha, wala maharage. Imo kwenye dagaa, samaki, maini, mayai, maziwa. Mzee aliyeambiwa "acha nyama, kula mboga" akaitikia kwa moyo wote, huyo hasa nawaomba wauguzi mumuulize.

Na tusichanganye B12 na B6. Hili naliona sana. Vile vidonge vya kuimarisha mishipa vinavyouzwa kila duka la dawa, vingi vina B1, B6 na B12 kwa pamoja, na B6 humo huwa miligramu 100 au 200 kwa kidonge. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2023 iliweka kiwango cha juu kwa mtu mzima kuwa miligramu 12 kwa siku. B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ile ile ya kuhisi. Kwa hiyo mtu anameza kidonge cha ganzi mara tatu kwa siku, mwaka mzima, na ganzi inapanda, naye anaongeza kidonge. Kwa upande wa pili, mgonjwa wa kisukari aliyepata kifua kikuu, na kisukari na kifua kikuu hupenda kukutana, akianza dawa ya isoniazidi anahitaji B6 kidogo, miligramu 10 hadi 25, kwa sababu isoniazidi inaimaliza. Vitamini moja inaumiza ikikosekana, na inaumiza ikizidi. Muulizeni mfamasia kiwango, msiulize jina tu.

Sasa tufanye kitu. Kaeni wawili wawili, mume na mke, mama na binti, jirani kwa jirani. Vueni viatu na soksi. Msione haya, wote tumetembea kwenye vumbi lile lile. Anayepimwa afumbe macho. Anayepima atumie ncha ya kidole cha shahada, aguse kwa wepesi sekunde 1 au 2, asibonyeze, asigonge, asisugue, asirudie. Aanze na kidole gumba cha mguu wa kulia, halafu kidole cha mwisho cha huo huo wa kulia. Kisha gumba la kushoto, cha mwisho cha kushoto. Amalizie na kidole cha kati cha kulia, na cha kati cha kushoto. Anayepimwa akihisi aseme "kulia" au "kushoto". Jumla ni mara 6. Asiyehisi mara 2 au zaidi ameonyesha dalili ya kupoteza hisia, aje meza ya wauguzi, watampima kwa uzi wa nailoni wa gramu 10 na kwa uma wa mtetemo. Kipimo hiki kilibuniwa na kuthibitishwa Ipswich, Uingereza, matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Hakihitaji umeme, hakihitaji bima.

Nasikia kicheko pale. Babu amesema "kulia" na hajaguswa popote. Rudieni naye taratibu.

Wakati mnaendelea, niwaambie kwa nini nang'ang'ania miguu mitupu. Hapa Dar es Salaam, Profesa Zulfiqarali Abbas wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2005 taarifa za wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa wamelala. Panya wa nyumbani, wa kawaida. Mtu hakusikia chochote, asubuhi akaona damu kwenye shuka. Ganzi ni hiyo. Timu hiyo hiyo ilikuwa mstari wa mbele katika mpango wa Hatua kwa Hatua wa kufundisha wauguzi na madaktari utunzaji wa miguu, ulioanzia Tanzania na India, na umeigwa nchi nyingine nyingi. Tuna wataalamu wetu, na wengine mnakutana nao kwenye korido bila kujua.

Mwenye ganzi asikande miguu kwa maji ya moto na chumvi, hata kama bibi alifanya hivyo na akapona. Bibi alikuwa anahisi. Maji yajaribiwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine. Ndugu zetu wa Njombe na Mbeya, jiko la mkaa likae mbali na miguu wakati wa baridi. Na anayeteseka na moto wa usiku asivumilie tu. Amitriptilini, duloksetini na pregabalini zilishindanishwa Uingereza, matokeo yakatoka 2022, na zilikaribiana katika kupunguza maumivu. Amitriptilini ndiyo ya bei ya chini kati yao. Haziponyi mshipa, zinakurudishia usingizi. Mzee mwenye matatizo ya moyo au ya mkojo amwambie daktari kabla ya kuanza.

Je, uzi ukishakufa unarudi? Kwa kiasi, ukiwahiwa. Huko Utah, Marekani, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari na wenye dalili za mishipa walifuata mazoezi na chakula kwa mwaka, na vipande vidogo vya ngozi vilivyotolewa pajani vilionyesha nyuzi nyembamba zimechipua upya. Kundi lilikuwa dogo. Kwangu ni habari njema kuliko mashine zote nilizozitaja.

Neno kwa vijana wa maabara na wa vyuo waliokaa nyuma. Kemikali kuonekana kwa wingi kwenye damu ya mwenye ganzi si ushahidi kwamba ndiyo iliyoleta ganzi. Figo zikichoka, metabolaiti nyingi hupanda kwa pamoja. Mtu mwenye maumivu ya miguu anaacha kutembea, na kuacha kutembea kunapandisha trigliseridi zake. Utafiti unaopima damu mara moja hauwezi kutenganisha hayo. Tena karibu tafiti zote nilizozitaja leo zimefanywa kwa damu ya Wazungu, Wamarekani na Wajapani, watu ambao hawali ugali kwa dagaa, na ambao kisukari chao mara nyingi kinakuja na mwili mkubwa. Kwetu wapo wengi wa aina ya pili ambao ni wembamba. Serini yao iko wapi? Mafuta yao yako vipi? Hilo ndilo shimo ambalo mtu wa hapa hapa anaweza kulijaza, akiwa na friji inayoaminika, daftari safi, na wagonjwa waliofuatwa kwa miaka. Na mgonjwa akiombwa damu ya utafiti, aulize itahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani atamrudishia majibu. Anayestahili damu yako hatakasirika kwa maswali hayo.

Wauguzi wako tayari, tuanze na waliotumia metformini miaka mingi zaidi. Mimi nakaa. Maswali ruksa, na yule mzee wa safu ya tatu, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja mafuta ya mawese na hajaushusha mpaka sasa, apewe kipaza sauti kwanza.